Asubuhi Niliyomcheka Baba Yako

Cherono wangu,

Umekwenda Siongiroi kumuaga nyanya yako, na mvua hii ya saa tisa itakushikilia huko mpaka jioni, kwa hiyo nimepata nafasi. Nimezisukuma sare za watoto wa shule pembeni, naandikia juu ya meza ya cherehani. Baba yako amekaa mlangoni anatazama maji yakishukia majani chai. Ameniuliza naandika nini, nikamwambia ni vipimo vya sketi. Huo ni uongo mdogo. Barua hii inahusu ule mkubwa.

Sitakuandikia mambo ya kufunga mlango na kuchemsha maji ya kunywa. Shangazi yako Rael amekuimbia hayo tangu Jumapili, na Nairobi ukisahau moja atakuandikia yeye mwenyewe akukumbushe. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka miaka minne kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kesho asubuhi unaondoka kwenda kusomea kazi ya kupiga picha za ndani ya mwili. Nimeona afadhali ulijue kabla hujajifunza kusoma picha ya kichwa cha baba yako, ile iliyo kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati.

Jambo lenyewe ni hili. Siku baba yako alipopatwa na kiharusi, mimi nilikuwepo tangu kilipoanza. Sikumkuta mchana kama nilivyowaambia nyote. Alikuwa mbele yangu asubuhi, akaniambia kuna kitu kibaya mwilini mwake, nami nikamcheka, nikaenda zangu kazini.

Ili uelewe ni kwa nini nilicheka lazima nianzie Sigowet, dukani kwa babu yako, baba yangu. Nilikuwa nauza pale, msichana wa miaka ishirini, mdomo mrefu. Baba yako alikuwa fundi kutoka Bomet, anajenga darasa la shule ng'ambo ya barabara. Akaingia siku moja na vumbi la simiti kwenye nyusi, akasema, "Nipe karatasi ya parua." Nikamuuliza, "Unataka kumparua nani?" Watu dukani wakacheka. Yeye hakuona haya. Akasema, "Nataka kuantika wewe." Na kweli aliniandikia, na katika barua yenyewe kila b ilikuwa p na kila g ilikuwa k.

Basi huo ndio ukawa mchezo wetu. Siku ya harusi alisimama mbele ya mchungaji akaahidi hatanipiga hata siku moja, lakini kwa ulimi wake ikatoka, "Sitampika." Mjomba wangu akajibu kutoka nyuma, "Hata ukimpika hataiva, huyo tunamjua!" Naye alinilipa kwa matamshi ya kwetu Ugikuyuni. Nikitaja lori akaniitikia rori, nikiomba sukari akaleta "chukari". Miaka ile mibaya ya mapigano ya makabila, watu wa kwetu walipokuwa wakifungasha vitu na majirani wengine hawanitazami usoni, tuliendelea kutaniana hivyo hivyo jikoni kwa sauti ya chini, na ndivyo nilivyojua mimi bado ni mtu wa nyumba hii. Nakueleza hayo si kwa kujitetea. Nakueleza ujue kwamba matamshi ya baba yako ni kitu nilichokisikiliza kwa kucheka miaka ishirini, na masikio yaliyozoea kucheka hayasikii vizuri.

Asubuhi ile wewe ulikuwa shuleni, kidato cha tatu, wiki ya pili ya muhula. Alirudi kutoka kukamua, akaweka kopo la maziwa, akakaa. Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo nafunga kitambaa. Alichukua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia, kikamponyoka, chai ikamwagika mezani. Akasema, "Mama Cherono, mgono wanku umelala." Nami, bila hata kugeuka, nikamwigiza: "Mgono wako umelala? Umelala na nani?"

Akajaribu kusema tena. Maneno yakatoka yamebebana, mwisho wa moja ndani ya lingine. Nikageuka. Alikuwa anacheka, lakini anacheka upande mmoja. Unamjua alivyokuwa akiwakunjia nyinyi uso mlipokuwa wadogo. Nikadhani ni hayo. Nikacheka mpaka nikashika meza, nikafuta chai, nikamwambia, "Mzee, nenda ulale kidogo, leo umeamka na vituko." Nikachukua mkoba wangu. Nilipofika kwenye ua nilimsikia akiita. Sikurudi. Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya ananingoja kwenye duka langu la kushonea na kitambaa chake.

Nilirudi saa saba nikamkuta sakafuni kando ya kitanda, macho wazi, ananitazama.

Kule hospitali ya kwanza kijana mwenye koti jeupe aliniuliza, "Mama, hii maneno ilianza saa ngapi?" Nikasema, "Saa saba. Nilimwacha mzima." Ilitoka yenyewe, mwanangu. Sikuipanga. Akaiandika, na ikishaandikwa inaanza kutembea kwa miguu yake. Ilitangulia na gari kesho yake mpaka Nairobi, na kule wodini ikaning'inizwa miguuni pa kitanda cha baba yako mahali kila mtu anaweza kuisoma.

Nairobi walimwingiza kwenye mashine ya skani. Siku ya tatu wakampitishia mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka shingoni, wakamwaga dawa inayoonekana kwenye eksirei, wakapiga picha moja baada ya nyingine. Daktari wake alikuwa mtu mrefu wa Mombasa, mpole, Kiswahili chake kama cha redioni. Aliniita pamoja na wanafunzi wake watano, akabandika zile picha kwenye kioo chenye taa. Akanionyesha mshipa mkubwa wa upande wa kushoto. Unapanda vizuri, halafu unakatika ghafla. "Hapa pameziba," akasema. Kisha akaleta kidole juu kidogo, mahali nilipoona vitu vyembamba vimejipinda kama nyuzi zilizoanguka chini ya cherehani. "Na hivi, mama, ni vijia vya pembeni. Vinatoka kwenye mishipa mingine, vinazunguka, vinaingia kwa nyuma. Damu kidogo inafika kupitia huku. Kila mtu huzaliwa navyo, wengine vingi, wengine vichache. Mumeo ana vizuri."

Nikamuuliza kama vinaweza kumlisha siku zote. Akasema vinaweza kushikilia kwa muda. Vikishindwa, sehemu inayovitegemea inakufa kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda nje. Akanionyesha kwenye ile picha ya skani doa jeusi lililokwisha kufa, halafu akazungushia kidole sehemu pana zaidi ambayo alisema ina njaa lakini bado iko hai.

"Vinashikilia saa ngapi?" nikauliza.

"Ndiyo maana tunauliza ilianza lini," akasema, akawageukia wanafunzi. "Huyu ilimpata saa saba mchana, akafika hospitali saa tisa."

Wote watano wakaandika. Nilitazama zile kalamu tano zikiandika uongo wangu, nikashika mkoba wangu kwa mikono miwili. Ningeweza kusema neno moja tu, asubuhi. Sikulisema. Baadaye nilimfuata kwenye ukumbi, nikamuuliza kama mgonjwa angeletwa mapema zaidi ingesaidia. Akasema ukweli ni kwamba dawa waliyokuwa nayo ilikuwa asprini, kumlaza vizuri na kumwangalia asipaliwe na chakula. Labda ingesaidia, labda isingesaidia. Jibu hilo ndilo ninaloishi nalo. Angesema ndiyo ningelia nikamaliza, angesema hapana ningelala.

Baada ya miezi minane tulirudi kwa picha nyingine. Unakumbuka wakati huo alikuwa ameanza kutembea na fimbo na maneno yanarudi. Daktari alitaka kupima ulimi. Akamwambia, "Mzee, sema baba." Baba yako akasema, "Papa." "Sema gari." "Kari." "Sema dada." "Tata." Daktari akatikisa kichwa kwa huruma, akaanza kuandika kwamba usemi bado umeharibika sana. Nikamshika mkono. "Daktari," nikamwambia, "hiyo si ugonjwa. Hiyo ni Bomet."

Alicheka mpaka akavua miwani. Baba yako naye akacheka, sasa kwa pande zote mbili za uso, akasema, "Mwampie huyo taktari aje kwetu, tumfuntishe." Daktari akaanza upya, safari hii ananiuliza mimi kila neno: hili alikuwa akilisema hivi tangu zamani? Na hili? Ikaonekana yaliyoharibika ni machache kuliko alivyodhani. Na picha mpya ikasema hivyo hivyo. Doa lilikuwepo, halikuondoka, lakini ile sehemu pana aliyoizungushia kidole ilikuwa imepona karibu yote.

Mimi nilicheka pale, lakini njiani kurudi nyumbani nililia ndani ya kitambaa changu cha kichwani. Yule mgeni alisikia lafudhi akadhani ni ugonjwa. Mimi mke wake nilisikia ugonjwa nikadhani ni lafudhi. Basi siku ukiwa na koti lako jeupe, akaletwa mzee wa kwetu anayesema maneno yamepinda, usikimbilie kuandika. Tafuta mtu wa nyumbani kwake umuulize jana alikuwa akisemaje. Na huyo mtu wa nyumbani akikutajia saa, mtazame mikono. Akiwa ameshika mkoba kama nilivyoushika mimi, mpe kiti na umuulize tena polepole, bila wanafunzi.

Kuhusu kupona kwenyewe, sijui nikwambie nini. Watu wanamsifu baba yako, wanamsifu Mungu, wananisifu mimi kwa kumnyoosha vidole kila asubuhi na maji ya moto. Mwaka jana mvua ya El Nino iliposomba lile daraja la chini, lori la majani likashindwa kufika kituoni pa kupimia chai, watu wakaanza kubeba vikapu kupitia kwenye vichochoro vya mashamba mpaka kituo cha ng'ambo. Baba yako alisimama na fimbo yake pale njiani akiwaangalia akina mama wamepangana kwenye utelezi, akawaambia, "Sasa mmeona kichwa yanku." Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi. Majani yalifika, Cherono, lakini si yote, na mengine yalifika yamenyauka. Mkono wake wa kulia haujarudi kushika mwiko wa ujenzi na hautarudi. Nataka ulijue hilo pia, wasije wakakudanganya huko kwamba kupona ni kurudi ulivyokuwa.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa naogopa. Kuna siku moja nimeiruka kwa makusudi.

Ni siku ya sita kule wodini, ulipoletwa kutoka shuleni na shangazi yako Rael. Muhula ulipoanza mliachana vibaya na baba yako. Alikukataza safari ya kwaya ili mchume majani Jumamosi ile, ukamwambia, "Wewe ni baba aina gani?" ukaenda shuleni bila kumpa mkono. Hayo ni maneno ya msichana wa miaka kumi na saba, hayana uzito wa kuziba mshipa wa mtu. Lakini shangazi yako alikuwa na hofu yake, na hofu ya Rael hutafuta mtu wa kumkalia. Alisimama pale kando ya kitanda akasema, nasikia mpaka leo, "Si ni wewe ulimpandisha papa yako presha? Angalia sasa."

Nawe ukanitazama mimi.

Ulinitazama ili niseme si kweli. Mimi peke yangu duniani nilikuwa najua habari ya asubuhi. Nikatazama dirisha. Niliona kwamba kama wewe una kosa, hakuna atakayeuliza kuhusu langu. Nilikuachia ubebe, mwanangu wa kumzaa. Katika yote niliyoyafanya, kicheko na uongo wa saa, hili ndilo baya kuliko yote, na siandiki hapa neno lolote la kulipunguza.

Na ndipo baba yako, ambaye tangu aanguke hakuwa ametoa neno, akaanza kupiga chuma cha kitanda kwa mkono wa kushoto, macho yamekukazia, shingo imesimama, akapiga kelele lile neno. Ukakimbia. Nilikukuta nyuma ya wodi umekumbatia mtungi wa maji, unasema, "Mama, amenifukuza. Ameniambia toka." Nikakwambia ni ugonjwa, hajui anachosema. Hatukulitaja tena. Alipopona ukamtunza kuliko watoto wote wa kijiji hiki wanavyotunza baba zao, lakini hukumkalia karibu tena kama zamani, na yeye akadhani ni kwa sababu umekuwa mkubwa. Ulipojaza fomu ukachagua kazi hii ya picha mwalimu wako alishangaa, maana ulikuwa na alama za ualimu. Mimi sikushangaa. Nilijua unaenda kutafuta ndani ya vichwa vya watu kosa ambalo si lako.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, niifiche barua ndani ya sanduku lako chini ya sweta uisome ukiwa mbali. Halafu nikaona ni woga ule ule umevaa nguo nyingine. Nikaweka kalamu chini, nikaenda mlangoni, nikakaa kwenye kigoda kando ya baba yako. Haya ninayoandika sasa yametokea hivi punde tu.

Nikamwambia, "Baba Cherono, ile siku mkono ulilala. Unakumbuka mimi nilicheka?"

Akasema, "Nakumpuka."

"Na ulijua nimeambia watu ni saa saba?"

"Nilijua."

"Sasa mbona miaka yote hii umenyamaza?"

Akafikiri. Unajua sasa anafikiri polepole, lakini akifika amefika. "Ulikuwa unaokopa. Na mimi naokopa. Tukiokopa wote wawili, nani atakamua ng'ompe?"

Nikalia kidogo, akaniacha nilie. Kisha nikamwambia lile la pili. Nikamwambia, "Mtoto anaamini ni yeye aliyekuletea ugonjwa, na anaamini ulimfukuza wodini mbele ya watu, ulimwambia toka." Aligeuka mpaka fimbo ikaanguka.

"Mimi? Nifukuze Cherono?"

"Ulisema toka. Hata mimi nilisikia. Rael alisikia."

Akatikisa kichwa kwa nguvu, akanishika mkono kwa ule wa kushoto, akasema neno kwa neno kama anamfundisha mtoto: "Sikusema toka. Nilisema Toko."

Sikuelewa. Nimeishi na ulimi huo miaka ishirini na nne, na mara ya pili nikawa sijausikia. Ikabidi aniambie tena, "Toko. Toko wanku."

Kabla hujaanza shule ulikuwa na jina nyumba hii. Ulilikataa mwenyewe siku ya kwanza ya darasa la kwanza, ukasema wewe si mdogo tena, nasi tukaliacha na likasahaulika. Alikuwa akikubeba mabegani kwenye mashamba akikuita hilo kutwa nzima. Dogo. Dogo wangu. Kwa ulimi wake, Toko.

Maneno yake yote yalikuwa yamekwenda siku ile, Cherono. Jina langu halikuwepo, jina la Mungu halikuwepo, hata la maji. Lilibaki moja, akapiga kitanda kwa mkono wake mzima ili ugeuke umsikie. Hakuwa anakufukuza. Alikuwa anakuita.

Sitaificha barua hii. Nitakupa mkononi ukiingia, uisome kwanza, ndipo uje unitazame usoni useme lolote ulilo nalo. Nitalipokea. Halafu nenda mlangoni. Amekaa palepale, hataki kuingia ndani hata nimwambie baridi itampata, anataka kukuita tena.

Ukilisikia, usikimbie. Itika.

Mama yako,
Wambui